Baiskeli Mlangoni kwa Hamza

Tulimzika Trifoni pale Nyakanazi, nyuma ya nyumba yake ya wageni, karibu na barabara kiasi kwamba wakati wa sala ya mwisho padri ilibidi angoje malori yapite ndipo aendelee. Baada ya maziko tuliingizwa uani, chini ya turubai, tukaletewa wali na nyama kwenye masinia, na mimi kwa ajili ya umri wangu nikawekwa na wazee. Aliyekaa mkono wangu wa kulia alikuwa Hamza. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Nilimwamkia, naye akaitika marahaba bila kugeuza shingo, kisha akaanza kuwatazama waliokuwa wakinawa mikono, mmoja mmoja, kama mtu anayehakiki nani amekuja na nani hakuja. Sasa amezeeka sana, lakini macho ni yale yale. Wengine walikwisha anza kula. Yeye aliuweka mkono wake ukingoni mwa sinia akangoja, akangoja, hata mjukuu wa marehemu akamwambia, “Babu, karibu, chakula kinapoa.” Nikajisemea moyoni kwamba namjua mtu aliyekuwa akimngoja, na kwamba mtu huyo tumetoka kumfukia sasa hivi.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilipotoka chuo cha makatekista na kupangiwa Ntobeye, zamani kabla ya simu za mkononi. Nilipewa chumba kimoja kando ya sakristia, chenye kitanda cha kamba, meza, na dirisha dogo lililotazama migomba. Ukuta mmoja ulipakana na stoo ya parokia, kwa hiyo nililala na harufu ya magunia na kuamka nayo. Parokia ilikuwa imefungua bweni la wasichana waliojifunza ushonaji, na wasichana hao walipaswa kula. Padri akaniita, akaniambia, “Wewe ni kijana, una miguu. Pamoja na mafundisho, utatununulia maharage.” Nilipokuwa natoka aliongeza, “Ila uwe mwangalifu Mugoma.” Sikumuuliza nijihadhari na nini. Nilidhani anasema juu ya wezi.

Kwa hiyo nilipewa baiskeli ya parokia, nyeusi, nzito, yenye msalaba na jina la parokia vilivyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye bamba la gurudumu la nyuma, na siku ya gulio nikaenda Mugoma. Wanunuzi wakubwa walikuwa watatu tu. Hamza, mtu wa Biharamulo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Trifoni, Mkatoliki mwenzangu, mcheshi, aliyeimba besi kanisani akiwapo. Na Masanja, Msukuma, Msabato, mtu wa maneno machache na hasira ya karibu. Kila mmoja alikuwa na ghala lake pale sokoni na lori la kupeleka mzigo Nyakanazi, na kutoka hapo Kahama au Mwanza. Nilipita maghala yote matatu kuuliza bei, na bei ilikuwa moja. Nikatazama wanavyowapimia wakulima, nako kulikuwa kumoja: debe halikusawazishwa kwa ufito, bali lilirundikwa mpaka likawa na kilima juu, na maharage yaliyomwagika pembeni yalibaki kwenye turubai la mnunuzi. Sikuona ajabu. Nilidhani ndiyo desturi ya mahali.

Kilichonivutia kilikuwa kingine. Mchana niliingia kula kwa Mama Shukuru, mwenye hoteli ya mabanzi mbele ya soko, nikawakuta wale watatu wamekaa chumba cha ndani kuzunguka sinia moja la ndizi na nyama ya mbuzi. Mlango wa pazia ulikuwa wazi. Hamza alikuwa amemchinja mbuzi mwenyewe, ili asiwepo wa kujizuia. Masanja hajafika, nao wawili wamekaa tu, mikono mitupu, wanangoja. Masanja alipoingia, Trifoni alimwambia, “Karibu bwana arusi, mbuzi wako huyu, wewe ndiye wa kukata.” Wakacheka, Masanja kidogo kuliko wengine. Waliposhiba walitoka pamoja wakaenda ghala la Hamza, wakasimama humo kitambo, wakaenda la Trifoni, wakamalizia la Masanja. Na nikapata kujua jambo lililonigusa zaidi. Aliyepima debe kwa Hamza alikuwa mpwa wa Trifoni. Aliyepima kwa Trifoni alikuwa mdogo wake Masanja. Na kwa Masanja alipima shemeji wa Hamza. Nikawaza, tazama watu wa dini tatu wanavyoaminiana, hata kukabidhiana vipimo! Nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa upendo wa ndugu. Jumapili iliyofuata, padri akiwa kigangoni kwingine, niliongoza ibada ya neno, na katika mafundisho yangu niliwataja kwa majina. Niliwaambia waumini wa Ntobeye wajifunze kwa wanunuzi wa Mugoma, wanaokula sinia moja.

Kanisa lilikohoa. Sina neno jingine. Kilianza kikohozi kimoja upande wa wanawake, kikahamia kwa wanaume, na mwalimu wa kwaya akainamisha kichwa. Baada ya ibada mwanamke mmoja aliningoja mlangoni, Mama Dafroza, mke wa Laurenti. Walikuwa watu wenye asili ya Burundi, walioingia zamani na kubaki, na walilima shamba la kuazima bondeni. Alinisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza kwa utulivu kabisa, “Katekista, yule mbuzi uliyemhubiri, unajua alitoka wapi?”

“Walimnunua,” nikasema.

“Alikuwa faini. Masanja gulio la kabla ya lile alinunua kwa ufito, kwa kificho, kwa watu watatu tu. Yule anayempimia akamsema kwa Hamza. Wenzake wakaenda vijijini kwake wakanunua kwa ufito na kuongeza bei, mpaka akakosa hata gunia. Ndipo akaleta mbuzi.” Alifunga vizuri kitenge chake. “Wale wanakula pamoja kwa sababu wanaogopana.”

Nimeyatafakari maneno ya mama yule maisha yangu yote, na bado sijapata darasa la kuyashinda. Mimi nimeishi katika jumuiya, najua wanavyokula watu wanaopendana. Mmoja akichelewa wengine huanza, wakimwekea chake chini ya kawa, maana wanajua atakuja na hawana shaka na aliko. Wale watatu hawakuweza kuanza, kwa sababu kila dakika ambayo wa tatu hayupo alikuwa mahali pengine, na mahali pengine ni karibu na maharage ya watu. Walikuwa wamegawana vijiji: Hamza Mugoma, Trifoni Ntobeye, Masanja vile vya kuelekea mpakani. Hakuna aliyeandika popote, na hakuna mahakama ambayo ingemlazimisha mwenzake. Kilichowashika ni ule mzunguko wa maghala baada ya kula, kila mmoja akihesabu kwa macho magunia ya mwingine, na wale wapimaji, ambao kila mmoja wao alikuwa jicho la mtu mwingine. Nilichokiita imani kilikuwa ulinzi.

Nikaona aibu, na aibu ikanipa ujasiri. Nikaenda nyumbani kwa Laurenti, nikanunua maharage ya bweni pale pale uani kwake, kwa debe la ufito, na mkono wangu ndio ulioshika ufito. Walikuwa na mavuno mazuri mwaka ule. Stoo ya parokia ilijaa kwa sehemu ndogo tu ya magunia yao, mengine wakayabakiza kwa ajili ya gulio. Mama Dafroza alinipikia ndizi kwa maharage hayo hayo, tukala nje tukiwaangalia kuku, na Laurenti, ambaye kawaida alikuwa mtu wa kimya, akanieleza mpango wake. Mwenye shamba lile amekubali kuwauzia. Lakini amesema mwisho ni Majilio, kabla ya Noeli. Wasipoleta kitu kufikia hapo, kuna mtu wa Ngara mjini analitaka. “Miaka yote nimepanda kwenye ardhi ya mtu,” akasema. “Nataka nipande kahawa. Kahawa haipandwi kwenye shamba la kuazima.”

Gulio lililofuata Laurenti alipeleka magunia yake Mugoma kwa mkokoteni. Nilikuwepo. Alifika kwa Trifoni, mpimaji akalitazama gunia la kwanza na kusema, “Haya yana unyevu.” Hayakuwa na unyevu. Yaligongana mkononi kama changarawe. Akaenda kwa Masanja.

“Ya Ntobeye haya? Peleka kwa Trifoni.”

“Nimetoka kwake, amekataa.”

“Basi kama wa kwenu amekukataa, mimi nani nikupokee?”

Kwa Hamza aliambiwa ghala limejaa, na nyuma ya aliyesema hivyo ukuta ulionekana mweupe mpaka mwisho. Wakati Laurenti anageuza mkokoteni, Trifoni alitoka nje akijifuta mdomo, akasema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, kwa ucheshi wake ule, “Laurenti! Si una mnunuzi wako mwenye msalaba kwenye baiskeli? Muuzie na hayo!” Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakatazama chini. Kila mmoja alikuwa ameshaelewa kilichosemwa, na si Laurenti pekee aliyekuwa anaambiwa.

Magulio mengine mawili yakapita hivyo. Fukusi wakaingia kwenye magunia. Nilipokwenda kuwatembelea, Mama Dafroza alikuwa ameyamwaga maharage kwenye mkeka juani na kuyapepeta, na vumbi jeupe liliruka kila alipotikisa ungo. Hakunilaumu. Laurenti ndiye aliyeniuliza, bila kuniangalia, “Katekista, ulitumwa na nani?” Nikashtuka. Akasema, “Kwanza uliwasifu kanisani. Halafu ukaja kununua kwangu mimi, si kwa mwingine. Sasa kila mtu anaona mfano. Kama wangetaka kutufundisha adabu, wangemtuma mtu wa namna yako.” Nilirudi parokiani nikiwa siwezi hata kusali vizuri. Na ubaya wa shaka ni kwamba ikishaingia haichagui chumba. Nilianza kumshuku padri, kwa nini aliniambia niwe mwangalifu bila kuniambia sababu. Nilimshuku mpishi wa bweni, kwa nini alikuwa akiniuliza kila mara nitakwenda Mugoma lini. Nilimshuku hata mwalimu wa kwaya kwa kile kikohozi. Wote walikuwa watu wema, Mungu awarehemu. Lakini kwa majuma yale nilikula nao nikiwachunga, kama nilivyowaona wale watatu wakichungana.

Mama Shukuru wa hotelini alinipa dawa. Alinipakulia uji, akainama. “Mwanangu, mbona rahisi. Mwambie Masanja kwamba Hamza ananunua kwa ufito. Neno moja tu. Utaona watakavyoparuana.”

“Lakini Hamza hanunui kwa ufito.”

“Ndiyo nimesema, mwambie.”

“Mama, huo ni uongo.”

“Ha! Basi kunywa uji.” Akanyanyuka akaenda zake, na kwa majira yote yaliyobaki aliniita Mtakatifu, si kwa kunisifu.

Nikaamua kwenda kwa Hamza mwenyewe, mchana kweupe, kumwomba. Nilimchagua kwa sababu alikuwa na sauti ya chini, sababu nyingine sikuwa nayo. Niliegemeza baiskeli mlangoni mwa ghala lake nikaingia chumba cha nyuma alichokitumia kama nyumba majira ya ununuzi. Kulikuwa na mkeka, taa ya chemli, birika la chai ya tangawizi juu ya jiko la mkaa na maandazi kwenye bakuli la bati. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza habari za shamba, za Majilio, za fukusi. Nikamwambia kosa si la Laurenti, ni langu.

“Sheikh wangu alinifundisha kusikiliza,” akasema, “kwa hiyo nimekusikiliza. Lakini unaniomba nivunje neno nililowapa wenzangu. Wewe mtu wa dini, unaniomba nivunje neno?”

“Neno la kumdhulumu mtu ni neno?”

Alitabasamu. “Kunywa chai, Katekista.” Akanimiminia tena. Aliniuliza habari za chuo, za wazazi, jinsi sisi tunavyofunga Kwaresima. Katikati ya maongezi aliinuka akasema anakwenda kuona lori linavyopakiwa, akakaa huko kidogo, akarudi, akanimiminia mara ya tatu. Sikuwa nimewahi kukataliwa kwa ukarimu kiasi kile. Nilipotoka jua limeshageuka, na gurudumu la nyuma la baiskeli lilikuwa limelala chini. Msumari umeingia mpaka kichwani. Nikatafuta gundi ya kuzibia pancha soko zima, nikakosa. “Iache hapa,” akasema Hamza. “Kijana wangu ataitengeneza. Gulio lijalo utaichukua.” Nikamshukuru, nikarudi Ntobeye kwa miguu nikisali rozari, nikiwa nimeshindwa.

Baiskeli ikabaki imeegemea pale mlangoni, bamba la gurudumu la nyuma limeelekea barabarani, msalaba mweupe na jina la parokia vikisomeka kutoka hotelini kwa Mama Shukuru. Baadaye mama huyo ndiye aliyenisimulia. Masanja aliiona jioni ile. Akaiona kesho yake. Siku ya tatu alimuuliza Hamza baiskeli ya kanisa inafanya nini kwake, na Hamza akajibu kwamba Katekista alikuja kunywa chai. Ilikuwa kweli tupu, na hakuna uongo ambao ungefanya kazi kama ile kweli. Masanja alirudi kwa Mama Shukuru akaagiza chakula, akakiacha. “Chai!” alikuwa akisema peke yake. “Chai ya siku tatu!”

Asubuhi ya siku iliyofuata lori la Masanja lilipanda Ntobeye, kijiji ambacho hakikuwa chake, likasimama uani kwa Laurenti. Masanja alishuka na ufito mkononi. Hakuuliza habari ya unyevu wala ya fukusi. Wakati bado wanapima, Trifoni akafika akitweta kwa hasira, wakatukanana mbele ya Mama Dafroza, mmoja akisema “Umevunja wewe,” mwingine akisema “Nenda katazame mlangoni kwa Hamza kwanza.” Trifoni naye akaanza kununua kwa majirani, kwa ufito, na kuongeza bei. Hamza alifika wa mwisho, amekunja uso kwa huzuni kama mtu aliyefiwa, akasema kwamba kwa vile wenzake wamevunja, hana la kufanya. Lori lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na ndilo lililoondoka limejaa zaidi. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Sikulitia moyoni, kwa sababu nilikuwa namtazama Laurenti, aliyekuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anacheka na kulia.

Majilio yalipofika shamba lilikuwa lake. Kahawa aliyoipanda bado ipo, wajukuu wanaichuma. Na vilevile Majilio hayakwisha kabla sijawaona wale watatu tena kwa Mama Shukuru, sinia moja, mbuzi mmoja, wamebadilishana wapimaji tena, na debe lina kilima. Walikuwa wamegawana upya. Nusu ya Ntobeye sasa ilikuwa ya Hamza. Sikuhubiri tena juu yao. Lakini juu ya ule msumari nimehubiri miaka yote ya utumishi wangu, katika semina na mafungo, jinsi Mungu anavyoweza kumtumia hata msumari wa barabarani, na jinsi yule asiyetaka kusema uongo anavyosaidiwa kwa njia asiyoijua. Wapo watu wengi Ngara na Biharamulo wanaokifahamu kisa hicho kutoka kinywani mwangu.

Basi pale Nyakanazi, chini ya turubai, Hamza alikula matonge machache, akanawa, kisha akanisogelea. “Bado unahubiri ule msumari?” akauliza.

“Nilistaafu. Lakini wakiniomba, nahubiri.”

“Ulikuwa mfukoni mwangu.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema tena, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Mwaka ule jua lilichoma maharage ya Mugoma, na vijiji vya Trifoni vilikuwa vimejaa. Yeye Hamza aliomba wagawane upya, wenzake wakakataa. Angevunja yeye, wangemwangamiza kama walivyomfanya Masanja. Kwa hiyo ilibidi wavunje wao. “Ulipokuja na msalaba wako ukauegemeza mlangoni,” akasema, “niliona nimeletewa. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba utaondoka nao.”

“Ulisema unakwenda kuona lori.”

“Nililiona pia.”

Nilitafuta hasira nisiipate. “Kwa nini unaniambia leo?”

Alielekeza kidevu kule nyuma ya nyumba, kwenye udongo mbichi. “Masanja alitangulia. Sasa na huyu. Nimebaki peke yangu, Katekista. Hakuna tena wa kunidai mbuzi.” Akacheka bila sauti, macho yakamlengalenga. “Ila wewe endelea kushukuru. Kumsaidia yule Mrundi haikuwa nia yangu hata kidogo. Kwa hiyo ilikuwa nia ya nani?”

Hilo nalikubali, na nimelibeba nyumbani kama zawadi. Lakini nawajibika kuandika pia kwamba sijui kama alinieleza kweli. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hakusema neno bila kupima litaangukia wapi, na huenda hakupenda tu kwamba kazi nzuri namna ile isifiwe bila jina lake. Nimeyarudia maneno yake mara nyingi na kila mara yanakaa vizuri, na hicho ndicho kinachonitia shaka.

Niliagana naye, nikatoka barabarani kutafuta usafiri wa kwenda stendi. Kijana wa bodaboda alikuwa ameegesha mbele kabisa ya geti la nyumba ya wageni. Kabla sijapanda niliinama, nikalibonyeza gurudumu la nyuma kwa kidole gumba.

“Lina upepo, mzee,” akasema. “Nimejaza sasa hivi.”

“Nashukuru,” nikamwambia, nikalibonyeza tena.